Kushuhudia kwa Maisha Yaliyobadilika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Majibu haya ni ya Wakristo wa Malindi na vitongoji vyake, kutoka Shela na Barani hadi Ganda, Gongoni na Langobaya, wanaotaka kumweleza jirani Yesu amefanya nini katika maisha ya mtu anayemfahamu. Ni ya wachungaji pia, maana makosa mengi yanayotajwa hapa hutokea mtu akiwa ameshikishwa kipaza sauti na mchungaji wake.

Ushuhuda una tofauti gani na mahubiri?

Mhubiri anafafanua Maandiko. Shahidi anasema aliloliona, basi. Mahakamani shahidi akianza kubuni, wakili husimama kumkatiza, na kanisani tungefaidika sana na mtu wa kazi hiyo.

Soma Yohana 9. Mafarisayo walipombana yule kipofu aseme Yesu ni mtu wa namna gani, alikataa kubahatisha. Alijua jambo moja tu, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona (mstari wa 25). Wahubiri hupenda mstari huo na kuyapita yaliyoutangulia. Kabla hajahojiwa, majirani walishaanza kubishana kama ndiye yule aliyekuwa akiketi na kuomba. Kisha wazazi wakaitwa, wakathibitisha mambo mawili: ni mtoto wetu, na alizaliwa kipofu. Neno lake lilikuwa na uzito kwa sababu waliomjua tangu zamani walikuwapo. Malindi ni vivyo hivyo. Mji ni mdogo, la Muyeye hufika Maweni kabla ya magharibi, na mtu akisimama kusema amebadilika, wenye habari kamili ni mkewe, mwenye duka anayemdai na jamaa wa maskani. Hao ndio wa kuulizwa kwanza.

Lakini hata Waislamu hubadilika, na wasio na dini huacha pombe. Ushahidi uko wapi hapo?

Swali la haki, na asiyekuwa na jibu lake asianze. Ni kweli: wapo wanaoacha unga, yaani heroini, kwa kushikwa mkono na maustadhi, wapo wanaoacha kwa matibabu tu. Usikane. Ukikana utaonekana mwongo mbele ya mtu ambaye kaka yake ni mmoja wao.

Badiliko la mtu peke yake halithibitishi kwamba Yesu alifufuka. Paulo, ambaye kisa chake kingetosha kujaza uwanja wowote, hakuisimamisha imani juu ya kisa hicho. Katika 1 Wakorintho 15 anaanza na tukio: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana na Kefa (Petro), na wale Thenashara, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai bado wakati anaandika. Yeye mwenyewe anajitaja mwisho. Fuata mpangilio huo. Maisha yaliyobadilika yanaonyesha kwamba aliyefufuka bado yuko kazini, na yanamfanya msikilizaji aulize. Jibu la swali lake ni Kristo.

Wasamaria wa Yohana 4 walitoka mjini kwa neno la mwanamke aliyeacha mtungi wake kisimani, wakakaa na Yesu siku mbili, kisha wakamwambia yule mama kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe. Ikiwa baada ya mwezi mzima watu bado wanamzungumzia msemaji, ushuhuda wenu umekwama kisimani.

Niuandae vipi ushuhuda wangu?

Uandike. Hata kama utausema bila karatasi, uandike kwanza. Dakika 3 zinatosha, yaani maneno kama 300 hadi 350. Kielelezo ni utetezi wa Paulo mbele ya mfalme Agripa katika Matendo 26: maisha ya kwanza (mstari wa 4 hadi 11), alivyokutana na Yesu (12 hadi 18), na yaliyofuata (19 hadi 23). Maisha ya kwanza yape sekunde 40, lililotokea dakika 1, zilizobaki zote ziwe za maisha ya sasa.

Wengi huugeuza: dakika 20 za ulevi na uhalifu, nusu dakika ya Yesu. Sababu inajulikana. Uovu ni mtamu kusimulia, na vijana wa nyuma hucheka. Lakini kati ya hao wanaocheka huenda yupo anayejaribu kuacha, na akisikia unga unavyochomwa na kuvutwa, mwili wake unaanza kudai palepale. Kwa hiyo usitaje namna ya kutumia, bei, wala mahali pa kununua.

Tazama tofauti ya shuhuda hizi mbili. Wa kwanza:

“Nilikuwa katika giza nene la adui, lakini Mwana-kondoo akanivika vazi la haki, na sasa mimi ni kiumbe kipya, natembea katika ushindi.”

Wa pili:

“Nilikuwa dereva wa tuktuk, steji ya sokoni. Hesabu ya tajiri ilikuwa shilingi 800 kwa siku, na siku tatu au nne kwa wiki iliishia mangweni. Mke wangu akarudi kwao Kakoneni na watoto wawili. Mwaka juzi, mwezi wa Machi, abiria wangu mmoja, mzee wa kanisa, alinisomea Luka 15 tukiwa tumeegesha chini ya mwembe. Nilimwambia Mungu nimechoka, anisamehe kwa ajili ya Yesu. Kesho yake nilienda kwa tajiri tukapiga hesabu: ananidai 11,400. Nimelipa kwa miezi saba. Mke wangu alirudi mwezi wa tisa. Hasira zangu bado ni za haraka, mwenyewe atawaambia. Tajiri yuko palepale sokoni, muulizeni.”

Wa kwanza unaweza kusemwa na yeyote, pamoja na asiyebadilika. Wa pili una mahali, hesabu na mtu wa kuulizwa. Una pia lile neno la hasira, na wasioamini husadiki zaidi kwa sababu yake, kwani jirani aliyeisikia hasira hiyo juzi hataona amedanganywa.

Jirekodi kwa simu, ujisikilize, ukate. Kisha msomee mkeo au mumeo kabla ya mtu mwingine yeyote. Akicheka mahali ambapo hukukusudia kuchekesha, rudi ukarekebishe hapo.

Ni maneno gani yanayowachanganya wasikilizaji?

“Kuokoka” kwa mvuvi ni kusalimika chombo kilipozama. Si vibaya, ni mlango mzuri tu, ila sema umeokolewa kutoka kwa nini. “Ushuhuda” kwa Mwislamu unapakana na shahada, maana mzizi wa Kiarabu ni mmoja; anaweza kudhani unamtaka atamke kitu. “Mwana wa Mungu” yeye husikia uzazi wa kimwili. Usilifiche neno hilo, lakini mweleze mapema kwamba hata sisi hatumaanishi hivyo. “Upako”, “kujazwa”, “kuvunja madhabahu” ni msamiati wa ndani, uache ndani.

Ukifika Kakoneni au Langobaya na lugha ya mama yako ni Kigiriama, shuhudia kwa Kigiriama. Kiswahili cha mimbarini huwafanya wazee wanyamaze kwa heshima, nawe ukadhani wamekuelewa.

Tutajuaje kwamba mtu amebadilika kweli kabla ya kumsimamisha mbele?

Waulizwe watu watano: anayelala naye nyumba moja, anayemdai, anayefanya naye kazi, jirani asiye wa kanisa lenu, na mzee mmoja wa kanisa. Sheria ya mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu 19:15) Paulo aliirudia kwa kanisa la Korintho, kwa hiyo si ukorofi wa kipolisi. Usiulize “amebadilika?” Kila mtu atasema ndiyo. Uliza vitu vinavyoonekana: analeta nini nyumbani jioni? Akikasirika hufanya nini? Mara ya mwisho kukopa ilikuwa lini, na alilipa lini?

Mwenye duka ndiye mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wote, kwa sababu ameandika. Kila duka la mtaani lina lile daftari la madeni, limekunjika pembe, jina la mteja juu ya ukurasa: unga wa sima kilo 2, sukari robo, mafuta ya kupima, sigara mbili, sigara mbili, sigara moja. Ukurasa wa mtu aliyebadilika husomeka. Sigara zinapungua, kisha hazipo. Maziwa yanaingia, na kalamu ya penseli ya mtoto. Mstari wa kukata deni unapita kila Jumamosi badala ya kila mwenye duka anapofoka. Lakini daftari hilo ni siri ya watu wawili. Mwende pamoja naye, yeye mwenyewe aombe lifunguliwe.

Mke ahojiwe na mwanamke, faraghani, mume akiwa hayupo. Anayepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayempiga, na makanisa yameaibika kwa kumsifu mume Jumapili ambaye mkewe alivaa buibui siku hiyo kuficha jicho. Ikigundulika bado anapiga, habari ya ushuhuda imekwisha. Kazi iliyobaki ni usalama wa mama na watoto. Namba ya bure ya msaada wa ukatili wa kijinsia ni 1195, na ya watoto ni 116.

Asubiri muda gani?

Nyumbani kwake, asisubiri. Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo aliambiwa siku hiyohiyo aende kwa watu wake akawaambie (Marko 5:19). Jukwaani ni jambo jingine: tunashauri miezi 6 kwa mambo ya madeni, wizi na ugomvi, na mwaka mzima kwa pombe na unga.

Sababu ya mwaka si ukali. Anayeacha heroini huanza arosto, yaani maumivu ya kuikosa, ndani ya siku moja, hali huwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mwili unatulia. Anakula, ananenepa, macho yanang’aa. Wiki ya tatu anaonekana kiumbe kipya kweli, na hapo ndipo mchungaji humwita mbele. Kumbe tamaa haijaisha, na mwili umepoteza uzoefu wa dawa. Akirudi siku moja tu kwa kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Na aliyeshangiliwa na kanisa zima huona haya kusema amerudi, hivyo hutumia peke yake, mahali ambapo hakuna wa kumsaidia.

Mlevi wa kila siku ana hatari nyingine. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Mara nyingi hali hiyo huitwa mapepo na mtu hukemewa usiku kucha. Apelekwe hospitali, inaweza kuua. Ombeeni huko.

Aliyeokoka aache methadoni au dawa za ukimwi?

Hapana. Methadoni inayotolewa kwenye hospitali ya Malindi kwa wanaoacha heroini ni dawa, na hupunguzwa na daktari, polepole. Anayekwenda kila asubuhi kunywa dozi yake mbele ya muuguzi, akarudi kazini, tayari ana ushuhuda.

Dawa za ukimwi zikiachwa, virusi kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Kipimo kikisema virusi havionekani, maana yake dawa inafanya kazi. Mtu asipewe kamwe nafasi ya kusema “niliacha dawa nikapona”: mmoja anayesema hivyo anaweza kuwafuatisha kumi nyuma yake. Vivyo hivyo dawa za kifafa, kisukari na presha.

Ushuhuda wangu unahusu uchawi. Niseme ni nani aliyeniroga?

Usimtaje mtu. Usiseme “bibi yangu”, “mke mwenza wa mama”, “mzee wa mvi jirani yetu”. Katika kaunti yetu ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Kipaza sauti chako kinaweza kuwa ndicho kilichomhukumu mtu. Ulikuwa unaogopa, ulikuwa unalipa waganga, Kristo amekuondolea hofu: sema hilo, lina nguvu ya kutosha. Na kama umeachana kweli na hofu hiyo, utaweza kumpelekea huyo bibi sukari na majani chai na kuketi naye barazani. Watu watakuona.

Tutajuaje kwamba hii si Shakahola nyingine?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Linastahili kujibiwa wazi.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, wakiwamo watoto wengi. Watu walikuwa wamefundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Na tukubali jambo linalouma: wale nao walikuwa “wamebadilika”. Waliuza mali, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shuleni, wakahama. Kwa macho ya haraka ilikuwa bidii ya imani. Kwa hiyo ukubwa wa badiliko hauna maana yoyote. Angalia linaelekea wapi.

Anakula? Watoto wake wanakwenda shule na kliniki? Kitambulisho, hati ya shamba na namba ya siri ya M-Pesa viko mikononi mwake? Anaongea na ndugu zake wasioamini? Anaweza kumuuliza mchungaji swali gumu mbele ya watu, na kesho yake bado akakaribishwa? Akitaka kuhamia kanisa jingine, ataagwa au atalaaniwa? Jibu baya kwa lolote kuhusu chakula, matibabu au watoto lipelekwe kwa chifu, polisi au afisa wa watoto siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao cha wazee.

Marko 5 inatosha kuwa kipimo. Aliyekuwa na pepo alikutwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, kisha akaambiwa arudi kwao. Na binti wa Yairo alipoinuka, Yesu aliagiza apewe chakula.

Jirani zetu ni Waislamu. Tushuhudie vipi?

Kama watu wanaokopeshana chumvi, kwa sababu ndivyo mlivyo. Salimu kwanza, sikiliza zaidi ya unavyosema, na usimzungumzie Mtume wala Kurani kwa dharau hata ukichokozwa. Ongelea Isa na yale aliyokutendea. Yeye anaiheshimu Injili kwa jina. Mwachie nakala akiitaka, asipoitaka mnywe chai. Mwezi wa Ramadhani usimfuate mtu mchana na maji mkononi kumweleza neema.

Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na kukataza kumlazimisha mtu. Uhuru huo ni wake pia wa kusema hapana, na wa kumweleza mwanao imani yake.

Aliyetoka Uislamu asisimamishwe hadharani ili kuvutia watu. Huenda akapoteza ndoa, mahali pa kulala na fungu la urithi, na ninyi mtakuwa mmerudi nyumbani kwenu kula chakula cha jioni. Aamue yeye wakati, mahali na nani ajue. Kwa mambo ya ndoa na mirathi atafute wakili mapema: mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170, husikiliza kesi pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo, na hali ya mtu aliyebadili dini huleta maswali magumu.

Mgema akiokoka aache kugema?

Makanisa hayakubaliani, na hatutajifanya kwamba yanakubaliana. Tunachosisitiza ni mpangilio. Kwanza yeye mwenyewe aache kunywa, kwani anapanda mnazi asubuhi na jioni, na kupanda huku umelewa ni kifo. La kugema lifuate, likiwa na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ua la mnazi linalogemwa halizai nazi. Akiacha leo, ua jipya litachukua karibu mwaka mzima mpaka nazi ikomae. Na mara nyingi minazi si yake, ameikodi, mwenyewe anataka kodi. Kanisa linalomtaka atupe kibuyu Jumapili liwe limeshajibu Jumatatu watakula nini kwa miezi 12: kibarua, kuku wa kuanzia, mkopo wa chama. La sivyo atarudi mnazini usiku, na mtaa utamwona.

Kuna na kadzama, tembo la mnazi la kupeleka mahari. Mwana aliyeokoka azungumze na wazee mapema, wiki kadhaa kabla, aulize kama watapokea badala yake. Baadhi hupokea. Kuwagomea siku yenyewe, wageni wakiwa wameketi kwenye mikeka, ni kuwavunjia heshima, nao hawatataka kusikia habari za Yesu wake.

Niliiba, niliumiza watu. Nikiri yote hadharani?

Hapana. Toba hadharani ilikuwa desturi kubwa ya uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya miaka ya 1930, na ilizaa mema mengi. Lakini kuna dhambi ambazo zina mtu mwingine ndani yake. Ukisimulia hadharani habari za uliyemdhulumu, umemvua nguo mara ya pili. Uliyemtendea vibaya afikiwe faraghani, kupitia mtu anayemwamini, na akikataa kukuona, hiyo ni haki yake. Jambo lolote la mtoto au la kubaka lipelekwe polisi. Si la kanisa kulimaliza. Kwa makosa mengine ya jinai ongea na wakili kabla, kwani ulichokisema mbele ya watu kinaweza kutumika kama ushahidi, na uwe tayari kwa hilo.

Vya kulipa vilipwe. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu (Luka 19:8), yaani alitaja kiwango. Andika orodha: nani, nini, shilingi ngapi. Anza na deni dogo kuliko yote ili upate moyo, nenda na mzee mmoja, lipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Usimwombe mdai akuandikie kwamba amekusamehe.

Sina kisa. Nililelewa kanisani.

Timotheo naye alilelewa hivyo, na Paulo anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike kwa furaha (2 Timotheo 1:5). Usijitungie ujana mbaya. Chukua jambo moja: shamba mlilogombania na baba mdogo, ukamsamehe, pesa uliyozidishiwa sokoni, ukarudisha. Mahali, hesabu, mtu wa kuulizwa.

Tunaweza kurekodi video na kuisambaza?

Kwa ruhusa yake ya maandishi, baada ya kumwonyesha video iliyokamilika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuondoa ruhusa wakati wowote. Lakini iliyoingia WhatsApp hairudi, na mwambie hivyo kabla hajatia sahihi. Mtoto asirekodiwe akisimulia mabaya ya nyumbani. Picha za “zamani”, mtu akiwa amelala mtaroni, tunazikataa kabisa. Siku hiyo hakuwa na uwezo wa kukubali kupigwa picha.

Msemaji alipwe?

Nauli na chakula. Zaidi ya hapo kisa huanza kukua: mwaka wa kwanza alivuta unga miaka 2, mwaka wa tatu amevuta miaka 9. Wageni wa ng’ambo wakija kusikiliza, mchango wao uende kwa mweka hazina, usipitie mkononi mwa msemaji. Na msigawe unga wa msaada mahali na siku ileile mnayowaita watu waamue kumfuata Kristo. Mwenye njaa atainua mkono.

Akianguka tena?

Aende mtu mmoja au wawili nyumbani kwake siku hiyo, wasiende kumi. Video ishushwe kimya. Kama ni unga au pombe, arudi kliniki. Jirani akiuliza, jibu: “Ndiyo, ameanguka, na bado ni ndugu yetu.” Kanisa lililosema ukweli hapa huaminiwa likisema jingine.

Ukristo si dini ya wageni hapa Pwani?

Wageni waliuleta, ndiyo. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498 na nguzo yake ingali pale, na mmisionari Francis Xavier alipita 1542 akielekea Goa, India. Kanisa dogo la Wareno lilibaki, ila wenyeji walioamini hawakuonekana. Mmisionari Mjerumani Krapf alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akazika mkewe na mtoto. Miaka ilipita katika kituo chake cha Rabai na walioamini wakahesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu.

Lililowagusa watu lilikuja baadaye, kwa wenyeji. David Koi, Mkristo wa Kigiriama, aliongoza Fuladoyo, kijiji kilichopokea watumwa watoro, bila mmisionari wa kukaa nao, na akauawa katika miaka ya 1880. Mtoro aliyelala usiku wa kwanza bila pingu hakuhitaji kuelezwa sana habari njema ni nini.

Mkutano wa nje ufanyike saa ngapi?

Katikati ya alasiri na magharibi: saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kamili, spika zizimwe kabla ya adhana. Mwarifuni chifu na mkuu wa kituo cha polisi mapema, na mpate kibali cha kelele, maana kanuni za kelele za 2009 zinahusu hata injili. Spika zigeuzwe upande wa barabara, mgongo kwa msikiti na hospitali. Wasemaji wawe wawili tu, dakika 3 kila mmoja, na tajiri wa tuktuk aalikwe, apewe kiti cha mbele.